Kleruu alipewa chuo, Mwamwindi riwaya

Nusu karne imetimia tangu Euphrase Kezilahabi atoe riwaya ya Dunia Uwanja wa Fujo, mwaka 1975. Wafaransa wanajivunia Les Misérables ya Victor Hugo, ya 1862, kisa cha mwizi wa mkate na maasi ya Paris. Sisi tuna Tumaini wa Kezilahabi, kijana wa Ukerewe aliyefuja urithi, akatajirika tena, akaishia kitanzini kwa kumuua kiongozi wa serikali ujamaa ulipogusa mali yake. Chimbuko la kisa hicho haliko mbali na hapa kwetu Ifakara: liko ng'ambo ya milima ya Udzungwa, Isimani, Iringa.

Azimio la Arusha la 1967 na vijiji vya ujamaa vinajulikana. Isimani palikuwa na jambo la ziada: wakulima wakubwa wa mahindi, wenye matrekta na vibarua.

Siku ya Krismasi, 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alimkuta mmoja wa wakulima hao, Said Mwamwindi, shambani akilima kwa trekta. Pakazuka maneno. Mwamwindi alikuja kuieleza mahakama kwamba alitukanwa, tena penye makaburi ya wazee wake. Akachukua bunduki, akafyatua, akamuua Kleruu. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaliendesha mwenyewe hadi polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilikataa utetezi kwamba alichokozwa, ikamhukumu kunyongwa.

Serikali ilimuenzi Kleruu kwa kukipa jina lake chuo cha ualimu pale Iringa. Upande wa mkulima ulibaki kwa mwandishi. Kezilahabi hakumtakasa muuaji: Tumaini ni mbinafsi na mfujaji, lakini msomaji haachi kumhurumia.

Bonde letu la Kilombero nalo lina damu yake. Julai 1986, askari wa kutuliza ghasia (FFU) waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa kiwanda cha sukari Kilombero, wanne wakafa. Riwaya ya wale wanne sijaiona, dukani wala maktaba.

Kezilahabi alifariki Januari 2020, na si haki kungoja Mkerewe mwingine atuandikie. Walimu wa Kiswahili wa Ifakara, Mang'ula na Kidatu wawatume wanafunzi kwa wazee waliokata miwa mwaka 1986, wakayaandike majina na maneno yao wakati wazee hao bado wapo.