Redio za Butembo, Beni na Kasese: namna ya kufanya kazi pamoja ngambo mbili za mpaka

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 hivi. Kutoka Beni mpaka Kasindi ni kilometa 80. Ukivuka mto Lubiriha pale Kasindi, uko tayari Uganda, wilaya ya Kasese. Siku ya soko watu wanavuka kwa maelfu, kila mmoja na mzigo wake, na habari nazo zinavuka. Mara nyingi habari inafika mbele ya ule mwenye kuileta, na inafika ikiwa imebadilika.

Ndiyo sababu redio za kijamii za Butembo na Beni ziko na swali moja kila siku: habari ya ngambo ya mto utaiuliza kwa nani mbele ya kuitangaza? Makala hii inaeleza kazi ya pamoja kati ya redio za nchi jirani: ilianzia wapi, inafanyika namna gani, na ni nini inaiangusha.

Watu wamoja, serikali mbili

Wanande wa Beni na Lubero, na Wakonzo wa Kasese, ni ndugu. Kinande na Lukonzo zinasikilizana. Mpaka uliwekwa na wakoloni, Wabelgiji upande mmoja na Waingereza upande mwingine, na familia zikabaki pande mbili. Mtu wa Kasindi akifungua redio ya Kasese, kama Guide Radio ao Radio Messiah, anaelewa bila mtafsiri. Ndugu wa Bwera naye anasikia komunike ya kilio iliyosomwa Kasindi, anafunga safari.

Lakini serikali ni mbili. Mwandishi wa Butembo alisoma kwa Kifaransa, mwenzake wa Kasese kwa Kiingereza. Huku kuna teritware na shefferi, kule kuna wilaya na kata. Hata saa si moja: ikiwa saa 12 ya mangaribi Butembo, Kasese ni saa 1 ya usiku. Redio mbili zikitaka kutangaza kipindi pamoja, lazima kwanza zipatane ni saa ya nani.

Majina nayo yanaleta mchanganyiko. Lubiriha ni jina la mto. Upande wa Kongo, mji wa mpakani unaitwa Kasindi-Lubiriha. Upande wa Uganda, ndani ya Mpondwe, kuna shule ya sekondari yenye jina hilo hilo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 shule ile ilishambuliwa, na serikali ya Uganda ikasema ni waasi wa ADF. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Miezi mitano mbele yake, tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka katika kanisa Kasindi na kuua watu zaidi ya 10. Sasa mtu akituma sauti kwa simu na kusema tu "wameua watu Lubiriha", msikilizaji wa Butembo mwenye mtoto Kasindi atashika nini? Neno moja likikosa kuelezwa, mzazi anaingia barabarani usiku, ao anabaki nyumbani wakati angepaswa kutoka. Mwenzako wa ngambo ndiye anaweza kusema kwa dakika mbili ni upande gani.

Mawimbi yanafika wapi

Wengi wanafikiri redio za mpakani zinashirikiana kwa sababu mawimbi hayajui mpaka. Hiyo ni kweli nusu. Mawimbi ya FM yanasafiri kama mwanga: yakikuta mlima, yanakwama. Kati ya Butembo na Kasese kuna milima mingi, na Rwenzori yenyewe inafika mita 5,109. Redio ndogo ya Kasindi inaweza kusikika Bwera, lakini redio kubwa ya Butembo inaweza kukosa kusikika nyuma ya kilima cha karibu.

Pale mawimbi yanapokutana kuna shida ingine: masafa. Redio mbili zikikaa karibu sana kwenye namba, moja Kongo na moja Uganda, zinafunikana. Nchi za Afrika zilipatana juu ya kugawa masafa ya FM katika mkataba wa Geneva wa 1984, na serikali ndizo zinapaswa kuzungumza kati yao. Redio ya jamii haiwezi kumaliza neno hilo peke yake. Inaweza tu kuandika kwa viongozi wenye kusimamia masafa na kumjulisha jirani yake.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushirikiano inapita kwa simu: sauti iliyorekodiwa Bwera inatumwa kwa WhatsApp, inatafsiriwa, inatangazwa Butembo.

Ilianzia wapi

Duniani, redio za kijamii zilianza kujipanga pamoja mwaka wa 1983, wakati chama cha AMARC kilizaliwa Montréal, Canada. Kwa Afrika, tangazo la Windhoek la tarehe 3 Mei 1991 lilitetea vyombo vya habari huru. Mwaka wa 2001, palepale Windhoek, mkataba wa utangazaji Afrika ukatambua aina tatu: redio ya umma, ya biashara, na ya jamii.

Kivu haikukawia. Radio Maendeleo ilianza Bukavu mwaka wa 1993. Mwaka ule ule, Rwanda, ilianza RTLM, redio iliyochochea mauaji ya 1994. Wakubwa wake wawili walihukumiwa Arusha mwaka wa 2003. Kwa kujibu sumu ile, waandishi wa Uswisi walifungua Radio Agatashya pale Bukavu mwezi wa 8 wa 1994. Ilisema na wakimbizi wa Rwanda waliojaa Kivu, na pia na watu waliobaki ngambo. Vita ya 1996 ikaizima.

Fondation Hirondelle, iliyotoka katika kazi ile, ilifungua Radio Okapi pamoja na Umoja wa Mataifa tarehe 25 Februari 2002. Nchini Burundi, Radio Isanganiro ilianza mwaka ule ule. Baadaye vijana wa Burundi, Rwanda na Kongo walipata kipindi kimoja, Génération Grands Lacs cha shirika la Search for Common Ground, kilichotangazwa moja kwa moja na redio za nchi hizo kwa wakati mmoja. Kijana wa Bukavu aliweza kubishana na wa Bujumbura mbele ya masikio ya wote, bila mtu kumsemea.

Funzo la Ebola

Kwa Butembo na Beni, funzo kubwa lilikuja na ugonjwa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina. Ilimalizika tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walihesabiwa 3,470, na wafu 2,287.

Mwezi wa 12 wa 2018 serikali iliahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo mpaka mwezi wa 3, ikisema ni juu ya Ebola na usalama. Sehemu zingine za nchi zilipiga kura tarehe 30 Desemba. Kutoka pale wengi waliamini kwamba ugonjwa ni mambo ya siasa. Tena tarehe 31 Desemba intaneti ilikatwa nchi nzima, karibu wiki tatu. Uvumi ulibaki na njia zake za mdomo, na redio zikabaki karibu peke yake kujibu. Mwezi wa 2 wa 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Tarehe 11 Juni 2019 Uganda ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza: mtoto wa miaka 5, Kasese, aliyerudi na familia kutoka Kongo ambako walikuwa na kilio. Familia ile haikufuata njia mbili. Ilifuata njia moja, ya ndugu kwenda kuzika ndugu. Lakini habari za ugonjwa zilikuwa zinatolewa kwa njia mbili, moja Kongo kwa Kifaransa na moja Uganda kwa Kiingereza. Redio za lugha ya nyumbani ndizo zingeweza kusema neno moja pande zote: kunawa mikono mpakani, kutogusa maiti, nani wa kuitwa. Redio moja ikisema "mpaka umefungwa" na ingine "mpaka uko wazi", mtu anaacha zote mbili na kupita porini, mahali ambapo hakuna wa kumpima joto.

Kazi ile iliomba damu pia. Tarehe 2 Novemba 2019, Papy Mumbere Mahamba, mwandishi wa redio ya jamii ya Lwemba, Ituri, aliyekuwa anafundisha watu juu ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake.

Kazi inafanyika namna gani

Ushirikiano wenye kudumu haukuanza na sherehe. Kuna ngazi tatu.

Ya kwanza ni kuulizana. Kila redio iko na mtu mmoja ngambo, mwenye jina na namba inayojulikana katika chumba cha habari, na mwingine wa kumbadili. Habari ya vifo, ugonjwa ao kufungwa kwa mpaka haitoki mbele ya yule mtu kujibu ao mkubwa wa eneo kusema.

Ya pili ni kubadilishana sauti. Redio ya Kasese inatuma mahojiano ya mkubwa wa duane. Redio ya Beni inatuma ya mama mchuuzi. Kila upande unataja jina la redio iliyorekodi, na haukati sauti mpaka maana ibadilike.

Ya tatu ni kipindi cha pamoja, studio mbili kwa simu. Hiyo ndiyo ngumu, inaomba umeme na mtandao pande mbili kwa saa moja. Redio nyingi zinaifanya mara na mara tu.

Yale yanayoangusha

Kwanza feza. Mradi ukilipa vifurushi vya intaneti na esansi ya jenereta, kipindi kinatoka kila wiki. Mradi ukiisha, kinakufa. Redio nyingi za jamii zinaishi kwa komunike na michango ya wasikilizaji, na hizo hazitoshi kulipa safari za Kasindi.

Pili sheria. Kongo iko na CSAC, iliyopangwa kwa sheria ya tarehe 10 Januari 2011. Uganda iko na UCC. Kile kinachopita huku kinaweza kufungisha redio kule. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya hali ya dharura, na askari ndio wanaongoza. Upande wa Uganda, Kasese haijasahau mapigano ya Novemba 2016 katika jumba la mfalme wa Rwenzururu, ambamo watu zaidi ya 100 walikufa. Mwandishi wa Butembo akigusa neno lile bila kujua, anamuweka mwenzake katika hatari.

Tatu vita. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, Bukavu ikafuata Februari, na serikali ya jimbo ilihamia Beni kwa muda. Mstari wa mbele umekuwa kama mpaka mwingine, ndani ya nchi yenyewe. Kuuliza habari Goma leo kunaomba uangalifu ule ule, pengine zaidi, kwa sababu ule anayejibu simu anaweza kulipa kwa jibu lake.

Redio inayotaka kuanza

Redio isiyo na mradi inaweza kuanza na mambo machache. Kuchagua redio moja tu ya ngambo, siyo tano. Kupatana kwa karatasi: nani anaulizwa, habari gani haitoki bila kuulizwa, na jina la nani halitajwe kamwe hewani. Kuandika orodha ya majina ya mahali yenye kufanana, kama Lubiriha, na kuibandika ukutani studio. Kusema saa ya Kongo na saa ya Uganda pamoja katika kila tangazo la mpaka. Na kuulizana hata siku ambayo hakuna kitu: bei ya samaki, hali ya barabara, duane imefungua saa ngapi. Siku jambo baya litatokea, namba ile itakuwa imezoea kujibu.