Vyuo vya Uuguzi vya Moshi na Mitelemko ya Kilimanjaro

Hivi ni vyuo vya kati vinavyofundisha uuguzi na ukunga hadi stashahada. Vinavyofahamika zaidi viko ubavuni mwa hospitali za makanisa: Machame, ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Kibosho, ya Jimbo Katoliki la Moshi, na Huruma, wilayani Rombo. Mwombaji huingia na ufaulu wa kidato cha nne katika masomo ya sayansi, hasa Kemia na Biolojia, kisha hupanda ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 ya tuzo za taifa kwa miaka mitatu. Wapo wanaoiona njia hii kuwa ya waliokosa chuo kikuu. Hukumu hiyo haina haki, kwa sababu ujirani wa darasa na wodi huwapa wanafunzi hawa kitu ambacho uuguzi hauwezi kukikosa.

Kupima shinikizo la damu, kufunga kidonda au kumsikiliza mjamzito hueleweka kitabuni, lakini huiva mikononi. Chuo kikiwa ndani ya uwanja wa hospitali, somo la asubuhi hufanyiwa kazi wodini siku hiyohiyo, na mwanafunzi humfuatilia mgonjwa yuleyule tangu anapopokelewa hadi anaporuhusiwa. Zaidi ya hapo, bibi wa Rombo hueleza maumivu yake kwa undani zaidi katika Kichaga cha kwao. Muuguzi anayemwelewa hupata taarifa ambazo kipimo hakizitoi.

Pingamizi zito ni kwamba hospitali ya mlimani haioni kila aina ya ugonjwa. Ni kweli: wagonjwa mahututi na upasuaji mgumu hupelekwa KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Kwa hiyo mafunzo ya vitendo hayana budi kumfikisha mwanafunzi huko na katika hospitali ya mkoa ya Mawenzi. Pingamizi la pili ni ubora kutofautiana. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inalijibu kwa sehemu, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuuguza bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, awe ametoka Kibosho au Dar es Salaam. Anayetaka shahada naye hajafungiwa mlango, kwani stashahada humwezesha kuomba nafasi chuo kikuu, na Moshi ina chuo kikuu chake cha tiba kando ya KCMC.

Linalobaki ni hatari ya msongamano. Wanafunzi kumi wakizunguka kitanda kimoja, tisa hutazama tu, na faida yote ya ujirani hupotea. Kwa hiyo mzazi anayemchagulia mwanawe chuo aulize, kabla ya ada na uzuri wa majengo, kuna wakufunzi wangapi wodini na kila mmoja anasimamia wanafunzi wangapi.