Sayyida Salme na Kalamu Aliyojipa Mwenyewe

Msafiri atokaye Mji Mkongwe wa Unguja akaifuata barabara ya pwani iendayo kaskazini, kabla hajafika Bububu hupita Mtoni, mahali ambapo kijito huingia baharini, na ambapo kuta zilizosalia za jumba la Beit il Mtoni, zilizoliwa na chumvi na mvua za miaka mingi, bado zimesimama zikiitazama bahari. Katika jumba hilo, tarehe 30 Agosti 1844, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alipata binti kwa suria wake Jilfidan, mwanamke wa kabila la Wacherkesi ambaye vita vilimnyang'anya wazazi wake angali mtoto mdogo, akaletwa nchi ya mbali kwa njia ya biashara ya watu. Binti yule akaitwa Salme.

Kila umma una marhala zake za kuyahesabia maisha ya mwanadamu. Kwa binti wa aila ya kifalme katika Unguja ya zama zile, marhala hizo zilikuwa dhahiri kama milango ya nyumba moja iliyopangwa kwa mfuatano: kuzaliwa na kupewa jina, kuhitimu Kurani, kubaleghe, kuposwa na kuolewa na mtu wa daraja yake, kisha, kama Mungu amepitisha, kukaa eda na kuzikwa miongoni mwa jamaa zake. Nimeisoma tarehe ya Sayyida Salme mara nyingi, na kila mara nimeona kwamba bibi huyu hakuruka hata mlango mmoja katika hiyo, lakini aghalabu aliufungua kwa ufunguo wake mwenyewe; na kwamba ufunguo huo aliupata katika marhala moja isiyokuwamo katika hesabu ya mtu yeyote, ambayo haikufanyiwa karamu wala haikuombewa dua, nayo ni siku alipojifunza kuandika.

Watoto wa Sayyid Said, wa kiume na wa kike, walisomeshwa pamoja, wakiketi juu ya mkeka mbele ya mwalimu, na Salme alisoma Mtoni kwa bibi mmoja aliyeletwa kutoka Oman. Mafunzo yao yalikuwa Kurani kwanza, na Kurani mwisho. Ila ilipofika zamu ya kuandika njia ziliachana, kwa maana wavulana walifundishwa kuandika, ilhali wasichana walikomea kusoma, kwa kuwa wakubwa wa wakati ule waliona kalamu katika mkono wa mwanamke kuwa jambo la kuhofiwa. Salme hakubishana na mtu. Alitwaa msahafu akauweka mbele yake, akatwaa na kombe la bega la ngamia, yaani ule mfupa mpana uliokaushwa hata ukawa mweupe, ambao wanafunzi waliutumia kama ubao, akawa anainakili herufi baada ya herufi, faraghani, bila ya mwalimu. Alipokwisha kuzijua herufi akataka mwandiko mzuri, na aliyemwongoza katika hilo alikuwa mmoja wa watumwa waliojua kuandika katika nyumba yao. Habari zilipoenea alilaumiwa sana, lakini elimu ikishaingia kifuani haiwezi kuamriwa itoke.

Kalamu haikuwa kitu pekee alichojifunza nje ya desturi. Alipokuwa na umri wa miaka saba alihamia na mama yake nyumba ya Beit il Watoro, mjini, kwa ndugu yake Majid, na huko akafundishwa kupanda farasi na kupiga shabaha kama mvulana.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki dunia baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa safarini kurejea kutoka Oman. Dola yake ikagawanyika: mwanawe Thuwaini akashika Oman, na Majid akashika Unguja. Mirathi iligawanywa kwa mujibu wa sheria, na Salme, ambaye alikuwa amefikia umri wa miaka kumi na miwili tu, akahesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa fungu lake la mali pamoja na shamba. Namwomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu tutalihitaji tutakapofika Ulaya: binti wa miaka kumi na miwili, katika nchi ambayo wageni waliiona kuwa ya giza, alikuwa na mali yake na kauli juu ya mali hiyo.

Miaka mitatu baadaye mama yake alichukuliwa na kipindupindu, na katika mwaka uo huo wa 1859 fitina ikaingia katika aila. Barghash, aliyekuwa mdogo wa Majid kwa umri lakini si kwa tamaa ya ufalme, alikusudia kumwondoa ndugu yake katika kiti, na akaungwa mkono na dada zake. Salme aliingizwa katika shauri hilo na dadake Khole, ambaye alimpenda kuliko wote. Na kwa kuwa waliohitajiwa kuandikiwa barua ni wengi na wanawake waliojua kuandika hawakuwapo, msichana wa miaka kumi na mitano akawa karani wa maasi. Barua za kuwaita masheikh, za kuagiza silaha na baruti, zilitoka katika mkono uliozoezwa juu ya mfupa wa ngamia. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, dada zake walimtoa nje akiwa amefunikwa nguo za kike, akakimbilia katika shamba lililoitwa Marseilles. Huko nguvu zake zilivunjwa kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza, naye akahamishiwa Bombay.

Salme aliichukua dhamana ya kalamu yake. Alijitenga katika shamba lake la Kizimbani, kisha akakaa Bububu, pembezoni mwa bahari aliyoipenda. Majid hakumlipiza kisasi. Na alipomwomba aiache nyumba ya Bububu ili akae balozi wa Uingereza, Salme aliridhia, akarudi mjini. Wale aliokuwa nao katika fitina walimwona kuwa msaliti kwa kupatana na Sultani, na waliokuwa upande wa Sultani hawakuusahau upesi mwandiko wake. Basi akawa yatima katikati ya ndugu wengi, mwenye mali, mwenye fikra, na asiye na mwandani.

Katika nyumba iliyokabiliana na yake alikaa kijana wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Atembeaye leo katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo dari zinakaribiana hata jirani anaweza kumsalimu jirani bila ya kupaza sauti, hahitaji kuelezwa zaidi jinsi ujirani ulivyogeuka mazoea na mazoea yakageuka mapenzi. Mwaka 1866 Salme alikuwa mjamzito, na katika mji ule, kwa mwanamke wa nasaba ile, jambo hilo lilikuwa la kufa na kupona. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866, akisaidiwa na bibi mmoja wa Kiingereza, alipanda manowari ya Highflyer, akaiacha Unguja nyuma yake gizani.

Alishukia Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa Desemba, na huko akamngoja Ruete aliyebaki Unguja kuzimaliza shughuli zake. Tarehe 30 Mei 1867, katika siku moja, alibatizwa kwa jina la Emily na akafunga ndoa, kisha wakaelekea Ulaya. Mtoto wao akafa njiani, katika nchi ya Ufaransa. Marhala tatu ambazo watu wengine huzipita kwa miaka mingi, zikizungukwa na mashangazi, ngoma na ubani, yeye alizipita kwa muda usiotimia mwaka, bila ya jamaa hata mmoja wa kumshika mkono: kuzaa, kuolewa na kuzika.

Maisha ya Hamburg yalikuwa baridi kwa maana zote za neno hilo. Alijifunza Kijerumani, alijifunza kuvaa na kula kigeni, akazaa watoto watatu, na kila mmoja akampa jina la Kizungu likifuatana na jina la kwao: Antonie Thawka, Rudolph Said, na Rosalie Ghuza. Kitinda mimba alikuwa na umri wa miezi michache tu wakati mumewe alipopata ajali ya tramu, akafa tarehe 6 Agosti 1870. Ndipo Salme alipoonja ajabu niliyomwomba msomaji aingoje. Sheria za Hamburg za siku zile hazikumwachia mjane amri juu ya mali na watoto wake, bali zilimwekea wasimamizi wanaume. Yule ambaye Unguja ilimhesabu kuwa mtu mzima akiwa na miaka kumi na miwili, Ulaya ilimhesabu kuwa mtoto akiwa na miaka ishirini na mitano.

Mali ilipungua, na mwanamke aliyelelewa katika nyumba yenye watumishi wasiohesabika akahama mji baada ya mji akitafuta maisha nafuu, akajipatia riziki kwa kusomesha lugha. Mwaka 1875, Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani wa Unguja, alipoizuru London, Salme alimfuata huko kutaka suluhu, lakini wakubwa wa Kiingereza walimzuia wasikutane. Katika miaka hiyo, akiwa dhaifu wa afya na akihofu kwamba atakufa kabla watoto wake hawajajua walikotoka, aliishika tena kalamu. Alichokianza kama wasia kwa wanawe kilichapishwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, kikawa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu. Humo ameuhifadhi utoto wa Mtoni kwa insafu na mapenzi: baba akitembea juu ya roshani iliyotazama bahari, tausi na paa uani, sauti za Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na Kiswahili zikichanganyika katika vyumba vya nyumba moja.

Mara mbili alirejea Unguja. Mwaka 1885 alikuja pamoja na manowari za Kijerumani, na watu wa mji walimfuata njiani kwa salamu na furaha, lakini Barghash hakumpokea, wala serikali ya Ujerumani chini ya Bismarck haikumleta kwa huruma. Ilimtumia kumtisha Sultani wakati wa kugombea pwani, na shauri lilipokwisha, haki yake ya mirathi ikaachwa kando. Mwaka 1888, Barghash alipokwisha kufa, akaja tena, akaondoka tena mikono mitupu. Baadaye alikaa miaka mingi katika nchi za Sham, mahali ambapo aliweza walau kuisikia adhana na lugha ya baba yake.

Ni wajibu wa mwandishi kusema yote, wala sitaki kumpamba Sayyida Salme kwa vazi ambalo si lake. Uhuru wake wa utotoni, farasi wake, mashamba yake ya karafuu na mapato yake vilisimama juu ya migongo ya watumwa, na katika kitabu chake aliutetea utumwa, akiona kwamba Wazungu hawakuuelewa. Mama yake mwenyewe alikuwa ameporwa katika utoto; mwalimu wake wa mwandiko alikuwa mtumwa; na bado jicho lililoona dhuluma ya msichana kunyimwa kalamu halikuiona dhuluma ya mtu kunyimwa nafsi yake. Hili hunihuzunisha kila nimsomapo. Linanifundisha kwamba mtu anaweza kuzivunja kanuni zote zinazomfunga yeye na asizione hata kidogo zile zinazowafunga wengine kwa faida yake, na kwamba ushujaa wa kuishi kwa shauri lako mwenyewe haujatimia mpaka umtakie mwenzio uhuru huo huo.

Wahenga wetu walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na wako ambao mpaka leo humtaja Salme kuwa mfano wa methali hiyo. Alibadili dini, jina, lugha na nchi, ni kweli. Lakini mwacha asili hawapi watoto wake majina ya kwao, haombi miaka ishirini kurudishwa kwao, wala haketi katika baridi ya kaskazini akaandika jinsi kahawa ilivyonywewa kwao. Alifariki dunia Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, na akazikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na mumewe. Na husimuliwa kwamba alizikwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokihifadhi miaka yote. Katika jumba la masultani la Forodhani, lililofanywa makumbusho mwaka 1994, alitengewa chumba chake. Mji uliomfungia mlango akiwa hai ulimfungulia akiwa kaburini.

Sayyid Said alipofariki aliacha watoto thelathini na sita walio hai. Wengi wao waliyapita maisha yao kama walivyoamriwa, wakaoa au kuolewa inavyopasa, wakazikwa inavyopasa, na mimi siwadharau kwa hilo, maana utiifu nao una uzito wake. Lakini leo tutakapo kujua Khole alikuwa mzuri kiasi gani, Majid alicheka na nani, Jilfidan aliwapenda wagonjwa namna gani, na jua lilivyochomoza Mtoni kabla ya sala ya alfajiri kwisha, tunamwendea yule mmoja aliyelaumiwa. Wote wanaishi ndani ya mwandiko wake, na mwandiko huo ulianzia juu ya mfupa wa ngamia, faraghani, kwa msichana ambaye hakuna mtu aliyempa ruhusa.