Opera Ndani ya Kanisa la Kale

Kusikia ni kazi ya sikio. Kusikiliza ni kazi ya mtu mzima. Sauti yaweza kupita sikioni kama upepo upitavyo dirishani, isiache kitu. Mtunzi mmoja wa muziki katika mji wa Venice, nchini Italia, aliiona tofauti hii kuwa kubwa hata akaitungia kazi ndefu, akaitafutia na nyumba isiyokuwa ya kawaida.

Opera ni mchezo ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Venice ndio mji uliofungua, katika mwaka wa 1637, jumba la kwanza la opera ambalo mtu wa kawaida aliweza kuingia kwa kulipa kiingilio. Kabla ya hapo michezo hiyo ilikuwa ya makasri ya wakubwa. Tangu siku hizo desturi ikaimarika: jukwaa huwa mbele, watazamaji hulielekea, na sauti zote hutoka upande mmoja. Watu wakazoea kwenda kutazama opera, na macho yakawa mabwana wa masikio.

Luigi Nono alizaliwa Venice mwaka wa 1924. Mwaka wa 1961 opera yake ya kwanza, iliyosimulia mateso ya mhamiaji, ilichezwa katika jumba la La Fenice mjini humo. Wafuasi wa siasa za kifashisti waliivuruga kwa makelele. Mtu aliyezomewa hivyo angeweza kujibu kwa kupaza sauti zaidi. Nono, katika kazi yake kubwa ya baadaye, aliishusha sauti hata ikawa mnong'ono.

Kazi hiyo ni Prometeo. Inamhusu Prometheus wa hadithi za Wayunani, aliyewaibia miungu moto akawapa wanadamu, kisha akafungwa mwambani kwa minyororo. Maneno yake yalikusanywa na mwanafalsafa Massimo Cacciari. Nono aliiita tanzia ya kusikiliza. Haikuwa na waigizaji, wala mavazi ya mchezo, wala mapazia. Kazi ya namna hii ingefanya nini katika jumba lililojengwa kwa ajili ya macho?

Basi likachaguliwa kanisa la San Lorenzo. Jengo hili lilianza kujengwa upya mwishoni mwa karne ya 16, mahali pa kanisa la kale zaidi. Marco Polo, msafiri mashuhuri, aliagiza katika wasia wake wa mwaka wa 1324 kwamba azikwe hapo. Lakini kaburi lake halijulikani lilipo. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuna neno naye. Katika kitabu chake alieleza kuwa Zanzibar ni kisiwa chenye mzingo wa maili 2,000, na kuwa mtu mmoja wa huko hula chakula cha watu watano. Hakufika kamwe, alisikia tu. Tazama jinsi habari iliyosikiwa nusu izaavyo uongo mzima.

Katika karne ya 19 watawa waliondolewa, na baadaye ibada zikakoma. Ndani ya jengo hilo tupu, mjenzi Renzo Piano aliunda nyumba ya mbao, mithili ya jahazi ambalo mbavu zake zaonekana. Wasikilizaji wapatao 400 waliketi katikati, na wanamuziki wakapangwa juu kwenye roshani zilizowazunguka. Usiku wa tarehe 25 Septemba 1984 sauti zilitoka mbele, nyuma na ubavuni. Mitambo ya umeme ilizipokea sauti za waimbaji na kuzisafirisha kutoka pembe hata pembe. Kwa kuwa wapigaji walikuwa mbalimbali, Claudio Abbado aliyewaongoza alihitaji mwongozaji wa pili.

Je, jambo hili lilikuwa geni kabisa? La. Katika karne ya 16 waimbaji wa kanisa la San Marco, katika mji uo huo, waligawanywa makundi yaliyojibizana kutoka pande mbili. Nono aliifufua hekima ya wazee wake kwa vyombo vya zama zake.

Wako wasemao kuwa mchezo usiochezwa si opera. Hoja yao ina uzito, kwa maana mgeni aliyetazamia kisa cha kufuata kwa macho alitoka mikono mitupu. Lakini jina la kitu si kipimo cha faida yake. Mwaka wa 1985 nyumba ile ya mbao ilisimamishwa tena mjini Milan, ndani ya kiwanda kilichoachwa. Nono alifariki mwaka wa 1990. Kanisa lilifunguliwa tena mwaka wa 2019 kuwa mahali pa sanaa na elimu ya bahari, na Januari 2024, miaka mia tangu kuzaliwa kwa Nono, Prometeo ikarudi humo, bila jahazi la Piano.

Marco Polo alisikia, akaandika majitu. Nono aliwataka watu wautegee sikio mnong'ono. Makelele ya mwaka wa 1961 yamekwisha zamani, na mnong'ono ungali unasikilizwa. Mwanafunzi afikiripo kujibu kabla mwenzake hajamaliza kusema, na aukumbuke usiku ule wa San Lorenzo.