Mahali na Wakati katika Ardhi ya Usukuma

Wachina wana elimu ya kale iitwayo feng shui, yaani upepo na maji, ambayo mabingwa wake walipima pamoja umbo la nchi na mwendo wa wakati. Kilima chema kilichojengwa kwa saa mbaya hakikusifiwa. Shinyanga haikukosa elimu iliyo jirani na hiyo, ingawa haikuandikiwa vitabu wala kutengenezewa dira, na shabaha yake ilikuwa chakula zaidi kuliko bahati.

Mkulima wa Kisukuma aliisoma nchi kwa mteremko wake. Juu yalisimama mawe ya matale; chini yake luseni, mchanga mwepesi upendao karanga na mihogo; kisha itogolo, ardhi ngumu ya malisho, na siku hizi ya majaruba ya mpunga; na bondeni mbuga, udongo mweusi upasukao kiangazi na kunasa miguu masika. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, aliuita mfuatano wa namna hii katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina lilikuwa jipya. Maarifa yalikuwa na wenyewe.

Lakini mteremko haukutosha bila ya majira. Luseni hukubali jembe kwa mvua za kwanza za Novemba, mwezi ambao Kilimia huchomoza jua linapotua. Jina la nyota hizo latokana na kulima, na Wazulu wa mbali huziita isiLimela.

Mahali na wakati vilikutana hasa katika ngitili. Malisho yaliyochaguliwa yalifungwa mvua zilipoanza, yakafunguliwa kiangazi kilipokomaa. Ondoa tarehe ya kufungua, nayo ngitili hubaki kichaka tu.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilihamisha kaya, na wengi wakawa mbali na mashamba na malisho yao. Ngitili nyingi zikakosa mlinzi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 zilisalia hekta zipatazo 600. Mwanzoni mwa karne hii zilipita 300,000. Wataalamu walianza kwa vitalu vya miche. Lakini sehemu kubwa ya miti hiyo ilichipua yenyewe katika visiki na mizizi ya zamani, mara wenyeji walipozuia ng'ombe kwa misimu iliyopasa.