Augustino na Suala la Mitala Ufukweni mwa Ziwa Viktoria

Waanglikana walipofungua shule Maseno, karibu na Kisumu, mwaka 1906, walikuta boma la Kijaluo ambamo kila mke alikuwa na cheo na nyumba yake: mikayi wa kwanza, nyachira wa pili, reru wa tatu. Azimio la maaskofu wao, lililopitishwa Lambeth mwaka 1888, lilikataza kumbatiza mwanamume mwenye wake wengi. Aliyetaka ubatizo ilimpasa kubaki na mmoja. Hasara ikawa ya walioachwa.

Augustino wa Hippo (354–430), Mwafrika wa nchi iliyo Algeria leo, alikwisha kutofautisha maumbile, desturi na sheria. Alishikilia kuwa mitala ya mababu wa Agano la Kale haikuwa dhambi, maana ilikuwa desturi ya zama zao, ingawa kwa zama zake hakuihalalisha. Tena yeye mwenyewe aliachanishwa na mwanamke aliyemzalia mwana ili aoe mwingine, akaungama uchungu wake.

Mwaka 1988 ndipo Lambeth ilipoafiki mume huyo abatizwe pasipo kulazimishwa kuwaacha wakeze, mradi aahidi kutooa tena. Kwa hiyo, Augustino hatupi leo ruhusa ya mitala. Anatufundisha kuipima desturi kabla ya kuihukumu, na kuwakumbuka watakaoumizwa na hukumu hiyo.