Siku ya Mapinduzi Tulikwenda Dunga

Kisiwa chetu hakina milima. Ndugu zetu wa Tanga wakipata sikukuu hupanda Lushoto. Sisi ukingo wa Masingini, ulioinuka kuliko pote Unguja, haufiki hata mita 150. Basi tarehe 12 Januari iliyopita, baadhi yetu tunaoishi Mji Mkongwe na Ng'ambo tulikodi gari, tukapakia watoto, mikeka na masufuria ya pilau, tukarudi nyumbani Dunga kutazama magofu ambayo wengi wetu tulichezea humo utotoni bila ya kuuliza ni ya nani.

Ni ya Mwinyi Mkuu. Kasri lilijengwa baina ya 1846 na 1856, enzi za Muhammad bin Ahmed, mtawala wa Wahadimu, wakati Sayyid Said amekwisha kuhamia Unguja kutoka Maskati. Serikali ilikuwa mjini, lakini shamba watu walimtazama wa Dunga. Sisi tunaokula kwa mahesabu tunavutiwa na kodi. Kodi ya Wahadimu ilikusanywa na Mwinyi Mkuu, akapeleka fungu la Sultani mjini na kubakisha lake: heshima ya mfalme, kazi ya karani. Wazee husimulia kwamba Sayyid Said aliwahi kumfunga, mvua ikakatika miaka mitatu, mpaka akarudishwa kwake. Hilo halimo katika daftari la kodi, ila linaonesha moyo wa watu ulikuwa kwa nani.

Alifariki 1865. Mwanawe Ahmed alimfuata 1873, na hakukuwa na Mwinyi Mkuu mwingine. Nyumba ikaporomoka. Ngoma zake mbili na siwa zikapelekwa makumbusho mjini. Dunga ikabakiwa na kuta na ile hekaya ya damu ya watumwa iliyochanganywa na chokaa. Hekaya hiyo ndiyo mgeni huambiwa mwanzo, na watoto wetu wote waliijua. Jina la aliyejenga hakulijua hata mmoja. Kijana wa darasa la sita alituuliza kama ni gofu la Wareno. Tulicheka, kisha tukaona haya, maana nasi wakubwa tulijibu kwa kubabaika.

Tulimuulizia mzee aliyetuzungusha hapo mwaka juzi, akatuonesha kisima na palipokuwa na ngazi, akitaja na majina ya waliomsimulia yeye. Tukaambiwa alifariki Ramadhani. Siku ile simu tulikuwa nazo mikononi, tukapigana picha.

Ndiyo maana safari hii, chini ya matengenezo ya vyoo vya skuli, mtaona kifungu kipya katika bajeti: kurekodi wazee wetu waliobaki na kuchapisha kijitabu cha wanafunzi. Atakayemjua mzee wa kusikilizwa atuletee habari hata kama hana mchango. Gari na pilau ya Januari tulilipa wenyewe. Hazimo katika hesabu zilizo ukurasa wa mwisho.